Lengo lao ni langu, njia yao siiwezi: nibaki au nijitoe?

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Tanga. Kwa miaka miwili nimekuwa kwenye kikundi cha kujitolea kinachopambana na wanaume wanaowapa mimba wanafunzi. Tumezunguka vijijini, tumekaa na wazazi, tumewasindikiza mabinti polisi. Tangu mwaka huu uanze, viongozi wetu wamebadilika. Wanabandika mtandaoni picha za watuhumiwa, na jina, na kijiji, na kijiwe cha bodaboda, kisha wanaandika "sambaza mpaka akose pa kujificha". Mmoja wa hao alihusishwa na mwanafunzi wangu wa kidato cha pili. Siku ya tatu binti hakuja shule, na mwanamume mwenyewe hajaonekana tena. Nilipouliza kwenye kikundi nikaambiwa mimi ni wakili wa wabakaji. Nikanyamaza. Je, mimi ni mnafiki? Nijitoe, au nibaki na mdomo wangu umefungwa?

Jibu: Marahaba, mwalimu.

Nianze na hilo la "wakili wa wabakaji", maana naona ndilo lililokukaa rohoni. Uliuliza kuhusu picha, ukajibiwa kuhusu tabia yako. Hapo mjadala ulikuwa umeshahamishwa, na wewe bila kujua ukahama nao, ukaja kuniuliza kama wewe ni mnafiki. Tutalifikia hilo. Lakini swali la picha bado liko palepale ulipoliacha, na ndilo lenye mtu ndani yake.

Kabla ya hapo nataka tuwape wenzako haki yao, kwa sababu hasira yao haikuzuka tu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na hata 14 kwa kibali cha mahakama, huku mvulana akitakiwa afikishe 18. Mwaka 2016 mwanasheria kijana, Rebeca Gyumi, alikwenda Mahakama Kuu kuvipinga vifungu hivyo, akashinda. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikasema Mahakama Kuu haikukosea. Mwaka mmoja uliotolewa wa kurekebisha sheria ukaja, ukapita, na vifungu vikabaki kitabuni. Sasa mtu aliyeyafuatilia hayo yote, ukimwambia "tufuate utaratibu", yeye anasikia "tukae tusubiri".

Mwaka huohuo wa 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, na anayempa mimba mwanafunzi akawekewa kifungo cha miaka 30. Kwenye karatasi ni adhabu nzito. Kijijini wewe unajua kuliko mimi mambo yanavyokwenda: wazee wanakaa, mbuzi wanatajwa, binti anapelekwa kwa shangazi yake mkoa mwingine, na siku ya kesi shahidi hayupo. Miaka 30 ni mingi kiasi kwamba hata mama mzazi wa binti husita, hasa mtuhumiwa akiwa jirani au mtoto wa ndugu. Viongozi wako wameona kesi baada ya kesi ikifa hivyo. Kama wangekuwa hawana hasira ningewashangaa zaidi.

Waliochoka na milango iliyofungwa wakaanza kupiga mawe madirisha wapo wengi katika historia, na hapa simaanishi mafumbo. Uingereza, mwanzoni mwa karne iliyopita, wanawake waliodai kura walikuwa kambi mbili. Millicent Fawcett aliongoza muungano mkubwa wa vyama vilivyofanya kazi kwa barua, mikutano na kuwashawishi wabunge. Emmeline Pankhurst na mabinti zake walianzisha chama chao Manchester mwaka 1903, wakasema sasa ni vitendo, maneno basi. Mwaka 1906 wafuasi wa Pankhurst walipofanya rabsha bungeni wakatupwa jela, watu wengi walitegemea Fawcett awakane. Hakuwakana. Desemba mwaka huohuo, walipotoka, aliwaandalia karamu katika hoteli ya Savoy, London. Yeye mwenyewe asingefanya walichofanya, na alijua hivyo, lakini aliketi nao meza moja.

Baadaye yakaja mawe, vikaja vioo vya maduka, na kufikia mwaka 1913 moto ukaanza kuwashwa kwenye nyumba na majengo. Huko Fawcett hakuwafuata, na alisema hadharani kwamba hakubaliani. Wala hakuacha kudai kura. Chama chake kiliendelea kukua miaka hiyohiyo. Kura ilipatikana mwaka 1918 kwa wanawake waliofikisha miaka 30 na kutimiza masharti ya mali, kisha 1928 kwa usawa na wanaume. Ni kambi ipi iliyoileta, wanahistoria wanabishana mpaka leo, nami ugomvi huo nimeuacha kwa wenye umri wa kubishana.

Ninachokitazama mimi ni ile hatua kati ya karamu na lawama. Kilibadilika nini? Waliofungwa 1906 walikuwa wanalipa wenyewe gharama ya walichokifanya. Duka likivunjwa kioo, nyumba ikichomwa, anayelipa ni mtu mwingine, na pengine ni mtu ambaye hata hajaulizwa.

Kipimo hiki nimekitumia miaka mingi, kila ninaposhindwa kujua kama njia fulani ni mbaya au mimi tu ndiye hainipendezi. Nauliza: anayelipa ni nani? Tarehe 28 Februari 1992, akina mama ambao watoto wao walikuwa wafungwa wa kisiasa walikaa Uhuru Park, Nairobi, pamoja na mwanaharakati Wangari Maathai, wakagoma kula. Machi 3 polisi wakawaingilia kwa marungu na mabomu ya machozi. Maathai alipigwa mpaka akapoteza fahamu. Baadhi ya wale mama wakavua nguo mbele ya askari waliokuwa na umri wa watoto wao. Nakumbuka habari hiyo ilipotufikia, mama yangu aliweka kikombe chini akasema, "Mungu atustiri," na hakutaka kusikia zaidi. Kwake hakuna jambo, liwe zuri vipi, linaloweza kumfanya mtu mzima avue nguo barabarani. Mimi nilikuwa kijana na nilibishana naye. Leo namwelewa zaidi, ila bado nadhani alikosea, kwa sababu heshima iliyowekwa rehani pale ilikuwa ya wale mama wenyewe. Hakuna aliyemvua mwenzake. Walihamia kanisa la All Saints, wakakaa humo karibu mwaka mzima, na mwanzoni mwa 1993 wengi wa wale wafungwa wakaachiwa.

Sasa rudi kwenye picha za kikundi chenu. Anayelipa ni nani? Viongozi wako watasema ni yule mwanamume. Analipa, ndiyo, kama ni yeye kweli, na kama si yeye analipa deni la mtu mwingine. Lakini chukua kijiji cha nyumba mia mbili. Ukiweka sura ya dereva wa bodaboda na jina la kijiji, hakuna anayehitaji kuambiwa binti ni nani. Watu wataanza kuhesabu: nani alikuwa akipanda pikipiki yake jioni, nani amenenepa, nani hakuonekana madrasa wala kanisani wiki hii. Mpaka alasiri jina limeshapatikana, na mara nyingine yamepatikana majina matatu. Mahakama yenyewe, kesi ya namna hii ikimhusu mtoto, hufunga mlango, na katika hukumu jina lake hufichwa nyuma ya herufi. Serikali nzima na mihuri yake inamficha, halafu ninyi mnaompenda mmemtoa nje.

Na huyo mwanamume? Umesema hajaonekana tena. Basi picha ilimfikia kabla ya askari. Walioandika "mpaka akose pa kujificha" ndio waliompa taarifa ya kwenda kujificha. Hili liseme kikundini kama lilivyo, bila kuongeza chumvi. Sheria yetu ya makosa ya mtandao ya mwaka 2015 nayo wataje, maana taarifa ikiwa ya uongo anayeshtakiwa ni aliyebandika. Sheria si fani yangu, sitakwenda mbali. Kazi yangu ni historia ya vyama na harakati. Waulizeni wanaoijua kabla hamjaulizwa ninyi.

Naijua ladha ya jambo hili kwa sababu nimelifanya. Mwaka wangu wa pili chuoni, tulisikia kuna mhadhiri anayewadai mabinti rushwa ya ngono. Tulikuwa na hakika, na hata sasa nadhani tulikuwa sahihi. Usiku mmoja watano kati yetu tuliandika karatasi, jina lake kwa herufi kubwa, na kozi yake, na mwaka wa darasa, tukaibandika kwenye ubao wa matangazo. Asubuhi tulikuwa mashujaa. Saa nne binti mmoja wa darasa lile alikuja chumbani kwetu na mkoba wake begani. Hakukaa. Aliuliza, "Nani kawaambia?" Hakuna aliyekuwa na jibu, kwa sababu hakuna kati yetu aliyewahi kumuuliza yeye. Darasa lilikuwa na wasichana wanne. Tulikuwa tumemtangaza mhadhiri na tumewatangaza wote wanne, kila mtu achague wake. Hakurudi muhula uliofuata. Mhadhiri alifundisha kama kawaida.

Kwa hiyo kwenye hilo la picha, nipo upande wako moja kwa moja.

Lakini umeuliza kama wewe ni mnafiki, na nikikujibu "hapana" haraka nitakuwa nakubembeleza. Aprili 1963 Martin Luther King, aliyeongoza Wamarekani weusi kudai haki zao, alikuwa mahabusu Birmingham, Alabama. Viongozi wanane wa dini, wote weupe, waliandika gazetini kwamba maandamano hayakuwa ya busara na wakati wake haukufika. King aliwajibu kwa barua ndefu, na ndani yake alilalamika kwamba anayemkatisha tamaa zaidi ni yule Mzungu mstaarabu anayesema nakubaliana na lengo lako, sikubaliani na njia zako. Barua yako kwangu, mwalimu, inasema neno hilohilo. Nami nimelisema mara nyingi maishani, na si kila mara nilikuwa na nia safi. Kuna siku nililisema kwa sababu nilikuwa naogopa kazi yangu.

Jipime hivi, ukiwa peke yako. Wakiacha picha kesho, utakuwa tayari kufanya kazi ngumu kuliko hiyo, au utapumua na kurudi kusahihisha madaftari? Kuna kitu kingine wanachokifanya ambacho hukipendi, matusi, kelele, fulana zenye maneno makali? Kama kipo, kitenganishe na picha, kisha kiache. Hiyo ni ladha yako na malezi yako. Ukiyafunga yote katika kanga moja ukawapelekea, watachomoa lile jepesi, watasema "mwalimu hapendi kelele", na binti atasahaulika tena.

Na nikiri hapa kwamba kipimo changu cha nani analipa kinayumba mahali. Huyohuyo King: Mei 2 mwaka ule, chini ya mwezi mmoja baada ya ile barua, watoto wa shule waliingia mitaani Birmingham kwa mamia. Walikamatwa, na wenzao waliofuata wakapigwa maji ya mabomba ya zimamoto na kuachiliwa mbwa. King alisita sana kabla ya kukubali watoto watumike. Picha zile ziliitikisa Marekani yote. Lakini waliolipa walikuwa watoto, na kila ninapofundisha somo hili mwanafunzi mmoja huuliza, nami huzungukazunguka. Ninaloweza kusema ni kwamba wale watoto walijua wanakwenda wapi, walifundishwa siku kadhaa kabla, na wengi walitoroka madarasani wenyewe ili waende. Mwanafunzi wako alijua lini kwamba ameandikishwa katika mapambano?

Sasa nibaki au nijitoe. Baki, kwanza. Na usibaki kimya.

Sisi tuna somo letu la karibu kuhusu kupingana na wenzako. Januari 1958 TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, ilikutana Tabora ikiwa karibu kupasuka. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeleta uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura alazimike kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, asipofanya hivyo kura yake inaharibika. Na haki ya kupiga kura ilikwenda kwa wenye kipato, elimu au cheo fulani. Hakuna mwana-TANU aliyeupenda utaratibu huo, Nyerere mwenyewe akiwemo. Wajumbe wengi walifika wakitaka kuususia. Hoja yao ilikuwa nzito: ukishiriki, umeubariki. Nyerere akasema tukisusia, viti watachukua wengine na tutakuwa nje. Walibishana kwa siku kadhaa, uso kwa uso, mpaka wakakubaliana kuingia. Zuberi Mtemvu hakuweza kumeza hilo, akatoka akaanzisha chama chake, African National Congress. Wengi wa waliokuwa upande wake kimawazo walibaki, wakarudi majimboni, wakawafundisha watu kupiga kura ambayo wao wenyewe wiki iliyotangulia waliipinga. Wagombea waliokuwa wanaungwa mkono na TANU walishinda viti vyote. Mtemvu aligombea urais mwaka 1962 dhidi ya Nyerere, akapata chini ya asilimia 2.

Watu humcheka Mtemvu kwa takwimu hiyo. Mimi simcheki, kuna jambo mtu hawezi kulimeza, na bora atoke kuliko kubaki akihujumu. Ila napenda uone ugomvi ule ulifanyika wapi: chumbani, na wanaohusika wakiwepo, na kila upande ukiwa na pendekezo lake mkononi. Wewe ulipinga kwenye kikundi cha simu, usiku, kwa ujumbe mmoja. Pale kila mtu anasoma akiwa amelala, na mwenye neno kali ndiye anayepata vidole gumba.

Omba kikao cha ana kwa ana. Usiende na "njia yenu ni mbaya". Nenda na karatasi yenye jambo la kuondoa na jambo la kuweka mahali pake. La kuondoa: picha zote, leo, na ahadi kwamba hakuna kitakachobandikwa kumhusu mtu kabla binti na mlezi wake hawajaulizwa, na afisa ustawi wa jamii hajashirikishwa. La kuweka ndilo litakaloamua kama utasikilizwa, kwa sababu hasira yao ni halali na inahitaji kazi. Hapa nakupa yangu, ulipunguze au uliongeze.

Kila kesi iwe na mwanakikundi mmoja wa kuifuata kama anavyofuata mkopo wake. Awe na namba ya RB, ile ya kuandikishwa kwa kesi polisi, ajue jina la mpelelezi katika Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, ajue tarehe kesi inayotajwa, na siku hiyo awe amekaa benchi la mahakama. Michango mnayonunulia vifurushi vya intaneti ikalipe nauli za mashahidi. Kesi ngapi umeziona zikifa kwa kukosa nauli ya kwenda wilayani? Na wale wanaopenda kubandika, wabandike. Wabandike siku: "Jalada hili limekaa siku 60 na hakuna aliyefikishwa mahakamani," bila kijiji, bila binti, bila sura. Aibu hiyo inamfikia mwenye ofisi anayelipwa mshahara kwa kazi hiyo, na yeye hawezi kukimbilia porini. Kamati za MTAKUWWA, ule mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, za kata na kijiji nazo zipo, nyingine zimelala. Kuziamsha ni kazi ya kelele, wapeni wenye sauti.

Wakikubali nusu, chukua nusu. Wakikataa kuondoa hata picha inayomhusu mwanafunzi wako, toka siku hiyohiyo, na uwaambie kwa nini mbele yao. Halafu jiandae kwa jambo moja ambalo wengi hawalitegemei. Utakapotoka watu watakuja kukupongeza. Watazame vizuri ni kina nani. Wamo ambao hawakuwahi kuipenda kazi hii hata siku moja, na watataka useme neno lolote la kuwasaidia waseme "hata mwalimu wao amewakana". Usiwape. Waambie kikundi kimekosea kwenye picha na kiko sahihi kwenye mimba za wanafunzi, kisha uendelee na kazi yako.

Yote hayo yanaweza kusubiri wiki moja. Lisiloweza kusubiri ni binti. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi waliopata ujauzito warudi masomoni baada ya kujifungua, na wewe ni mwalimu wake, unayo sababu ya kawaida kabisa ya kubisha hodi. Nenda na mwalimu wa malezi au mwanamke mwingine ambaye mama wa binti anamheshimu. Msianze na polisi wala na picha. Mwulizeni kama anataka kurudi shule hii au nyingine, mumwachie namba 116, simu ya msaada kwa watoto, kama hataki kusema na ninyi, na mkae hata kama hakuna linalosemwa. Ile fulana ya kikundi usiivae.